Mwachie Mtoto Aiulize Sufuria

Mwaka 1963, wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, walikuwa na mazoea ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaingiza kwenye friza. Siku moja nafasi ndani ya friza ilikuwa haba na kila mmoja aliigombea. Erasto Mpemba, aliyekuwa kidato cha tatu, aliona kwamba akingoja maziwa yake yapoe atakosa pa kuyaweka, basi akayaingiza yangali ya moto. Mwenzake mmoja, naye akiwahi nafasi, aliingiza yake bila hata kuyachemsha. Baada ya saa moja na nusu hivi maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado yalikuwa rojorojo. Mpemba akamuuliza mwalimu wa fizikia imekuwaje kilichoingia cha moto kikawahi kuganda. Jibu alilopewa ni kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Swali halikumtoka kichwani. Alilibeba hadi Shule ya Sekondari ya Juu ya Mkwawa, Iringa, na huko nako lilimletea dhihaka darasani. Kisha shule ikatembelewa na Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, na mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka Mpemba akauliza tena. Osborne hakuwa na jibu. Alichofanya ni kurudi Dar es Salaam na kuagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na tangu hapo wanafizikia duniani huzungumzia "athari ya Mpemba". Katika kisa hiki kizima, kifaa cha kwanza cha utafiti kilikuwa sufuria ya maziwa, na kizuizi cha kwanza kilikuwa mtu mzima aliyejibu kabla ya kujaribu.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwa ufupi hoja ninayotaka kuitetea. Jiko la nyumbani, liwe la mkaa, la gesi au la mafiga matatu, ni mahali ambapo mtoto anaweza kujifunza sayansi ya kweli tangu akiwa mdogo, bila vifaa vya kununua. Lakini jiko halifundishi kwa kuwepo tu. Mamilioni ya watoto wa Afrika Mashariki wanakaa jikoni kila siku, wanachambua mchele, wanakuna nazi, wanapuliza moto, na wengi wao hufika sekondari wakiiona sayansi kuwa kitu cha kigeni kilichoandikwa kwenye ubao. Kinachokosekana ni mtu mzima anayekubali agizo la mapishi liulizwe, na anayeiachia sufuria itoe jibu.

Mapishi, jinsi yanavyorithishwa nyumbani, ni mfululizo wa maagizo. Osha mchele mpaka maji yatakate. Loweka maharagwe usiku kucha. Usiache kulikoroga tui. Unga wa chapati uache upumzike. Maagizo haya yamebeba ujuzi wa vizazi vingi, na anayeyafuata hula vizuri. Ila agizo halisemi sababu yake. Mtoto anajua la kufanya na hajui kinachotokea ndani ya chungu. Pengo hilo huzibwa kwa swali dogo: tusipofanya hivyo, itakuwaje? Chukua uji. Mtoto huambiwa aukoroge unga kwanza kwa maji baridi kwenye bakuli, ndipo aumimine kwenye maji yanayochemka. Akiuliza kwa nini, mpe kijiko kimoja cha unga mkavu akimwage moja kwa moja kwenye kikombe cha maji ya moto. Yatatokea madonge. Sasa mwambie achukue donge moja alipasue kwa ncha ya kijiko. Ataona nje pana ngozi laini inayoteleza kama gundi, na ndani unga bado ni mkavu na mweupe vile vile ulivyotoka kwenye mfuko. Wanga wa mahindi huanza kunywa maji na kuvimba halijoto inapokaribia nyuzi 65 hadi 70 za Selsiasi. Unga mkavu ukiangukia maji ya moto, tabaka la nje huiva papo hapo na kuwa ukuta, maji hayapenyi tena. Maji baridi huzitenganisha chembe za unga kabla moto haujazifikia, kila chembe ikapata maji yake. Mtoto aliyelipasua donge lile hatahitaji kukumbushwa agizo, kwa sababu sasa analo la kwake.

Hatua inayofuata ni kumfundisha mtoto namna ya kuuliza ili jibu liaminike, na hapo hamira ni mwalimu mzuri. Panga vikombe vitatu. Kila kimoja kitie kijiko kidogo cha hamira na kijiko kidogo cha sukari. Cha kwanza kitie maji ya baridi, cha pili maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayastahimili, cha tatu maji yaliyotoka kuchemka sasa hivi, na hiki cha tatu akimimine mtu mzima. Kiasi cha maji kiwe sawa katika vyote. Kabla ya kutazama, mtoto aseme anadhani kikombe kipi kitatoa povu, na kauli yake iandikwe kwenye karatasi ili asije akaibadilisha baadaye. Wengi watakitaja cha moto, maana mtoto ameshajifunza kwamba moto huharakisha kila kitu jikoni. Baada ya robo saa, kikombe cha uvuguvugu kitakuwa na povu jepesi lililopanda kuelekea ukingoni, lenye harufu ya mkate. Cha baridi kitakuwa kinajikongoja. Cha moto kitakuwa kimya. Hamira ni viumbe hai, kuvu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaokula sukari na kutoa hewa ya ukaa. Baridi huwafanya walegee, na maji yaliyochemka huwaua. Hewa hiyo hiyo ndiyo inayoyaumua maandazi, kwa sababu donge la ngano lililokandwa vizuri huwa na nyuzi za protini zinazonasa hewa kama mfuko. Ngano ndiyo yenye sifa hiyo, na ndiyo maana unga wa mahindi hata ukitiwa hamira kiasi gani hauwi mkate wa kupanda.

Jaribio hilo la vikombe vitatu lina mambo yote yanayofanya sayansi iwe sayansi. Mtoto alitabiri kabla ya kuona. Alibadilisha kitu kimoja tu, joto la maji, na vingine vyote akaviacha sawa, kwa hiyo tofauti iliyotokea haina mwingine wa kulaumiwa. Alisubiri. Aliandika. Na kama utabiri wake ulikwenda kombo, alipata somo ambalo vitabu hulipa nafasi ndogo, kwamba kukosea utabiri hakumpunguzii mtu hadhi, kunamwonyesha wapi pa kutazama. Sijui jaribio la shuleni linaloyafundisha hayo kwa gharama ndogo kuliko vijiko vitatu vya hamira, tena kikombe kimoja hatimaye hutiwa kwenye unga na kuliwa asubuhi.

Jiko lina hazina nyingine ambayo mara nyingi hatuioni kwa kuwa tumeizoea: lina msamiati wa sayansi kwa Kiswahili, umekamilika na unatumika kila siku. Kuyeyuka, kuganda, kuchemka, kutokota, kuchacha, kuumuka, kuchuja, kukolea, mvuke, mashapo, utando. Nchini Tanzania mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha sekondari anakutana na mambo yale yale kwa Kiingereza. Asiyekuwa na picha ya jambo kichwani hulazimika kujifunza jambo na jina lake kwa pamoja, na mara nyingi hubaki na jina peke yake. Aliyewahi kuona tui likikatika, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini, tayari anajua kwamba tui ni matone madogo ya mafuta yaliyosambaa ndani ya maji, na kwamba moto mkali pasipo kukoroga huyafanya matone hayo yaungane. Siku mwalimu atakapolitaja jambo hilo kwa jina la kigeni, kilichobaki ni kujifunza jina.

Asidi na alkali ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu wanafunzi wengi huyaona maneno haya kama ya maabara tu. Chukua kitambaa cheupe kilichochakaa, ukipake binzari ya manjano iliyolowekwa kwenye maji kidogo, ukiache kikauke. Kisha mtoto apitishe juu yake kipande cha sabuni ya mche kilicholowa. Mstari unaoachwa na sabuni hugeuka wekundu wa kahawia mbele ya macho yake, mithili ya damu iliyokauka. Kila aliyewahi kufua kanga yenye doa la mchuzi amekutana na wekundu huo na pengine akadhani sabuni imeharibu nguo. Sasa akamulie ndimu juu ya mstari ule: rangi inarudi kuwa manjano. Rangi iliyomo kwenye binzari hubadilika inapokutana na alkali, na sabuni ni alkali. Ndimu ni asidi, nayo huibatilisha alkali ile. Baada ya hapo mtoto hataacha kujaribu. Atapitisha majivu yaliyolowekwa, magadi, siki, maji ya ukwaju, na katika mchana mmoja atakuwa amevipanga vitu vya jikoni katika mafungu mawili ambayo mwanakemia angeyatambua mara moja.

Kutoka hapo tunaweza kuingia kwenye mambo mazito zaidi, na maharagwe yatatuongoza. Mpishi wa Dar es Salaam akihamia Njombe hushangaa kuona maharagwe yale yale, jiko lile lile, yanachukua muda mrefu zaidi kuiva. Huenda akalaumu mbegu au maji. Sababu kubwa iko juu ya kichwa chake. Pwani, maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Kadiri mtu anavyopanda milima, hewa iliyo juu yake hupungua na mgandamizo wake hushuka, na kwa takriban kila mita 300 nyuzi ya kuchemkia hupungua kwa nyuzi moja hivi. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Juu ya kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, hazizidi sana 80. Maji yakishachemka hayaongezeki joto hata ukiongeza kuni, nguvu yote ya ziada hutoka na mvuke. Kwa hiyo mpishi wa nyanda za juu anapika kwa maji yenye joto pungufu, na dawa yake ni muda zaidi au sufuria ya presha, ambayo kwa kuubana mvuke huyafikisha maji kwenye nyuzi 120 hivi. Hapa mtoto amejifunza mgandamizo wa hewa kwa kitu anachokijali, yaani saa ya chakula.

Wengine hutumia njia fupi ya magadi. Hili nalo lijaribiwe: vikombe viwili vya maharagwe yaliyotoka mfuko mmoja, yakalowekwa pamoja, sufuria mbili zilizo sawa, moja ikatiwa magadi kidogo na nyingine isitiwe. Kila baada ya dakika kumi na tano mtoto anatoa punje moja kila upande na kuibonyeza kati ya vidole. Yenye magadi yatalainika mapema, kwa sababu alkali hulegeza kile kinachozishikanisha seli za mmea. Lakini mazungumzo yasiishie hapo. Alkali hiyo hiyo huharibu vitamini B1, ambayo ni moja ya sababu za kula maharagwe. Basi ni kipi kina uzito zaidi, mkaa uliookolewa au vitamini iliyopotea? Swali hili halina jibu moja kwa kila nyumba. Familia inayonunua mkaa kwa shida ina hesabu tofauti na familia yenye gesi, na njia ya tatu, kuloweka usiku kucha na kufunika sufuria, huenda ikazifaa zote mbili. Mtoto anayeona wakubwa wakilipima jambo kwa namna hiyo anajifunza kwamba sayansi inatoa gharama na faida, na uamuzi unabaki kwa mwenye chungu.

Anaweza kutokea mtu akasema: bibi zetu walipika bila kujua kuvu wala alkali, nao walituliza njaa na kutulea. Hoja hii ni ya heshima na inastahili kujibiwa kwa uzito. Ni kweli kwamba mila za mapishi zilitangulia maabara. Mfano mzuri ni kimea. Tangu zamani wanawake katika sehemu nyingi za Tanzania wamekuwa wakiotesha ulezi au mtama, wakaukausha, wakausaga, na kuutia kwenye uji kutengeneza togwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania na Sweden walipochunguza unga wa nafaka iliyooteshwa walithibitisha kuwa una vimeng'enya vinavyoukata wanga vipande vipande, kiasi kwamba kijiko kimoja chake kikichanganywa kwenye uji mzito ulioachwa upoe kidogo, uji huo hulegea ndani ya dakika chache. Faida kwa mtoto mchanga ni kubwa: tumbo lake ni dogo, hawezi kula uji mzito, na uji mwepesi wa kawaida ni maji mengi na nguvu kidogo. Kimea humruhusu mama kutia unga mwingi na bado uji ukanyweka. Bibi alijua hilo kwa mikono yake, na mtafiti alilikuta likimngojea.

Lakini mila inayohifadhi hatua bila sababu ina udhaifu mmoja, na udhaifu huo umewahi kugharimu miguu ya watu. Mihogo michungu ina kemikali inayotoa sumu ya sayanaidi pale muhogo unapokatwa au kusagwa. Jamii zinazoitegemea zimekuwa na njia za kuiondoa sumu hiyo: kuloweka kwa siku kadhaa, kuvundika, kuanika mpaka ikauke kabisa. Hatua hizo zinachosha na zinachukua muda, na mwaka wa njaa muda ndio unaokosekana. Mwaka 1981, wakati wa ukame katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ghafla. Katikati ya miaka hiyo ya 1980 ugonjwa huo ulionekana pia katika wilaya ya Tarime, mkoani Mara. Unaitwa konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kongo, na kupooza kwake hakuponi. Watafiti walipofuatilia waligundua mambo yanayojirudia: mihogo michungu kuwa karibu chakula pekee, protini kukosekana, na siku za kuandaa mihogo kupunguzwa kwa sababu ya njaa. Waliozipunguza siku hizo hawakuwa wazembe. Walikuwa na watoto wenye njaa na agizo lisilosema ni hatua ipi inaweza kurukwa na ipi ikirukwa inalemaza.

Hapo ndipo tofauti ya kujua namna na kujua sababu inapoonekana wazi. Anayejua namna tu yuko salama mradi mambo ni ya kawaida. Siku hali inapobadilika, hana cha kumwongoza. Anayejua sababu anaweza kubuni. Mwanakemia Howard Bradbury wa Australia, akijua kwamba unga wa muhogo bado una kimeng'enya kinachoitoa sumu mradi upate maji, alipendekeza njia rahisi: unga uloweshwe, utandazwe tabaka jembamba kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu itoke na hewa, kisha upikwe kama kawaida. Njia hiyo imefundishwa kwa akina mama katika vijiji vya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo vilivyokumbwa na konzo, na haihitaji kifaa kisichokuwepo nyumbani. Kumfundisha mtoto sababu za mapishi, kwa hiyo, ni kuyaongezea maarifa ya bibi kinga ambayo hayakuwa nayo.

Pingamizi la pili ni la hatari, na halipaswi kupuuzwa. Jikoni pana moto, kisu, mafuta yanayochemka na maji yanayounguza. Ila hatari hiyo ipo mtoto akiwa anajifunza na akiwa hajifunzi, na mtoto anayezurura jikoni bila kazi huenda akaungua haraka kuliko aliyepewa kazi na nafasi yake. Kinachotakiwa ni kugawa majaribio kwa umri. Mdogo aloweke, apime kwa kikombe, achuje, apake manjano kwenye kitambaa. Mkubwa kidogo akoroge, asome saa, aandike. Kuinjika na kuepua sufuria, na chochote chenye mafuta ya moto, kibaki kwa mtu mzima mpaka mtoto akomae. Yapo pia mambo yasiyojaribiwa hata kwa kuonja, na kuyaeleza ni sehemu ya somo: mihogo michungu isiyoandaliwa, maharagwe mekundu ambayo hayajachemka sawasawa, kwa kuwa yana sumu inayoharibiwa na mchemko wa kweli, na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, ambalo hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu na inayoua watu usingizini. Mtoto aliyeelezwa sababu hizo analindwa zaidi kuliko aliyekemewa tu.

Pingamizi la tatu ni la gharama. Chakula ni ghali, na hakuna mzazi anayetaka kuona unga ukichezewa. Majaribio niliyoyataja hapa yametumia vijiko, punje na vikombe, na karibu yote yanaishia kuliwa. Hata sufuria mbili za maharagwe ni chakula cha jioni ile ile. Tena mara nyingi jaribio hurudisha faida: mtoto aliyepima mwenyewe muda wa maji kuchemka sufuria ikiwa wazi na ikiwa imefunikwa huwa mlinzi mkali wa mfuniko, na mkaa wa nyumba hiyo huchelewa kuisha.

Pingamizi la nne huwauma wazazi wengi kimya kimya: mimi sikusoma sayansi, nitafundisha nini? Jibu liko katika kisa cha Mkwawa. Osborne alikuwa msomi wa fizikia na bado hakujua jibu la swali la Mpemba. Alichomzidi mwalimu wa Magamba ni utayari wa kujaribu. Mzazi anayesema "sijui, hebu tujaribu" amefundisha sehemu ngumu kuliko zote, na maneno hayo hayahitaji cheti. Historia inaye pia Agnes Pockels, mwanamke wa mji wa Braunschweig, Ujerumani, ambaye katika miaka ya 1880, akiwa anatunza nyumba na wazazi wake, alichunguza jinsi mafuta na uchafu vinavyobadilisha uso wa maji ya kuoshea vyombo. Hakuwa amesoma chuo kikuu. Mwaka 1891 barua yake kwa mwanafizikia Lord Rayleigh ilichapishwa katika jarida la Nature, na kifaa alichobuni kwa beseni kilitangulia vile vinavyotumika leo kupima utando mwembamba juu ya maji. Hata hivyo lazima tuseme ukweli kuhusu mipaka. Sufuria huonyesha kinachotokea. Mara nyingi haionyeshi kwa nini. Molekuli haionekani kwenye mwiko. Kwa hiyo jiko haliwezi kuchukua nafasi ya mwalimu na kitabu. Linampelekea mwalimu mtoto mwenye maswali, na mwalimu yeyote anajua tofauti kati ya darasa la watoto wanaouliza na la wanaongoja kengele.

Wapo watakaosema jikoni ni mahali pa wasichana, na mtoto wa kiume akafundishwe sayansi kwingineko. Mwenye kusema hivyo atazame shughuli za harusi za pwani, ambako wanaosimamia masufuria makubwa ya pilau na biriani mara nyingi ni wanaume, na hakuna anayewadharau. Zaidi ya hayo, kama jiko linafundisha sayansi, kumfungia mvulana mlango wake ni kumnyima, na kumwachia msichana kazi bila maelezo ni kumnyima pia. Wote wawili wapewe mwiko, na wote wawili wapewe sababu. Kuhusu mitihani, ni kweli hakuna karatasi ya taifa itakayouliza habari za donge la uji. Lakini itauliza habari za uvukizaji, uchachushaji, asidi, joto na mgandamizo, na mwenye picha ya jambo hukariri kidogo na hukumbuka sana. Nchini Kenya, mtaala wa umilisi ulioenezwa shuleni mwaka 2019 unamtaka mzazi awe mshiriki katika ujifunzaji wa mtoto. Wazazi wengi wameupokea ushiriki huo kama kazi ya kutafuta vifaa na kuchapisha picha. Jioni moja ya vikombe vitatu vya hamira ni ushiriki wenye uzito zaidi.

Turudi kwa Mpemba, maana kisa chake kina sehemu ya pili isiyosimuliwa sana. Mwaka 2016 watafiti wawili nchini Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, waliyapima upya madai yale kwa uangalifu, wakasema hawakupata ushahidi kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi, na kwamba kukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunaweza kuzua tofauti isiyokuwepo. Wengine bado wanachunguza na hawajakubaliana. Kwa mwenye kutafuta majibu ya kukariri, habari hii inavunja moyo. Kwa mzazi aliye jikoni na mtoto wake, ni zawadi. Kumbe swali lililoanzia kwenye friza ya wanafunzi wa Lushoto lilistahili miaka zaidi ya hamsini ya upimaji, na mwalimu aliyesema jambo hilo haliwezekani ndiye aliyekuwa mbali zaidi na sayansi katika kisa kizima, hata kama siku moja itathibitika kwamba maji ya moto hayawahi kuganda. Mpemba alitazama, akauliza, akarudia jaribio, akakubali wengine wampime. Basi leo usiku mtoto akiuliza kwa nini maziwa hufurika yanapochemka na maji hayafuriki, usimjibu upesi, hata kama jibu unalijua. Injika sufuria mbili ndogo, mkalishe mahali asipoungua, na umwombe aseme kwanza anadhani ataona nini.